Ubingwa wa ngumi hauvuliwi mezani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wapenzi wa masumbwi hubishania kila leo bila kufika mwisho, nalo ni hili: katika uzito wa juu, bingwa wa kweli wa dunia ni nani? Ni yule aliyevikwa mkanda na chama, au ni yule aliyempiga bingwa aliyemtangulia?

Siulizi kwa mzaha. Ninafundisha shule ya msingi kijijini, na wanafunzi wangu wa darasa la sita waliwahi kuniuliza inakuwaje uzito mmoja uwe na mabingwa wanne wa dunia, hali dunia yenyewe ni moja. Swali hilo ni la haki kabisa. Jibu lake ni kwamba vipo vyama vinne vikubwa vya kugawa ubingwa. WBA ni mkubwa wao, ulizaliwa mwaka 1921 kwa jina la NBA na kubadili jina mwaka 1962. WBC ulianzishwa mwaka 1963, IBF mwaka 1983 na WBO mwaka 1988. Kila chama kina mkanda wake, kina orodha yake ya wapinzani, na hutoza ada katika malipo ya bondia anayegombea mkanda huo. Bingwa akikataa kupigana na mtu aliyepangiwa na chama, huvuliwa. Mikanda ikiwa mingi, ada nazo huwa nyingi. Mwenye duka la mikanda hawezi kutamani dunia iwe na mkanda mmoja.

Hapa kijijini kwetu watu wanacheza bao. Fundi wa bao hachaguliwi na halmashauri ya kijiji wala hapewi cheti. Hukaa barazani, na anayetaka kumjaribu huketi mbele yake wakapanga kete. Siku atakapofungwa, aliyemfunga ndiye fundi, hata akiwa kijana ambaye jana alikuwa akitumwa maji. Na fundi akisema macho yangu yamechoka, sitaki tena, basi wale wawili waliokuwa wakimkaribia hukalishwa wakamalizana wenyewe. Sijapata kusikia mzee yeyote aliyeamka asubuhi akatangaza kuwa fulani si fundi tena kwa sababu jana hakuja mkutanoni.

Wapenzi wa ngumi wa Marekani nao wanayo hesabu ya namna hiyo. Wanafuata nasaba. Bingwa ni mtu aliyempiga mtu aliyempiga mtu, kurudi nyuma hadi kwa John L. Sullivan, ambaye alipigwa na James J. Corbett mjini New Orleans tarehe 7 Septemba 1892 katika raundi ya 21, wote wakiwa wamevaa glovu. Corbett akapigwa na Bob Fitzsimmons mwaka 1897, Fitzsimmons akapigwa na James J. Jeffries mwaka 1899. Mpaka hapo hapana ubishi.

Ubishi huanza pale mnyororo unapokatika, nao hukatika kwa njia mbili. Bingwa huweza kuondoka kwa hiari yake, au huweza kuondolewa na watu ambao hawakupanda naye ulingoni. Wengi huyachanganya mambo haya mawili wakasema yote ni kiti kuwa wazi. Mimi nasema yako mbalimbali kama mbingu na ardhi. Aliyejivua amejivua. Aliyevuliwa na kamati hakuondokewa na kitu ila mkanda.

Nitaanza na Jeffries, maana bila yeye hoja hii haieleweki. Mwaka 1905 Jeffries aliacha ngumi akiwa hajapigwa na mtu, akaenda zake kulima. Julai mwaka huo Marvin Hart na Jack Root walikutana Reno kugombea kiti chake, na refa alikuwa Jeffries mwenyewe. Hart akashinda, lakini hakumaliza mwaka. Februari 1906 Tommy Burns wa Kanada alimshinda kwa pointi. Burns naye akafuatwa na Jack Johnson, Mmarekani mweusi, kutoka Marekani hadi Uingereza hadi Australia, kwani mabingwa weupe wa siku zile walikuwa wanakataa kuugombania ubingwa na mtu mweusi. Tarehe 26 Desemba 1908 mjini Sydney, Johnson alimpiga Burns mpaka polisi wakaingia kusimamisha pigano katika raundi ya 14.

Kuanzia siku ile wazungu wengi wa Marekani walishikwa na mapenzi ya ghafla ya nasaba. Walisema Johnson si bingwa wa kweli, ati kwa kuwa Jeffries hakupigwa ulingoni. Mwandishi Jack London alikuwa mmoja wa waliopiga kelele kumtaka Jeffries atoke shambani kwake. Jeffries akatoka, mtu ambaye hakuwa amepigana kwa karibu miaka sita na aliyelazimika kwanza kupunguza unene. Tarehe 4 Julai 1910, hapo hapo Reno, Johnson alimmaliza katika raundi ya 15. Habari zilipoenea, watu weusi walishambuliwa katika miji mingi ya Marekani na wengine wakauawa.

Waliposhindwa ulingoni wakajaribu meza. Kufikia mwaka 1913 kulikuwa na ubingwa wa dunia wa wazungu peke yao, ambao mmoja wa walioushika ni Luther McCarty. Mwaka huo huo mahakama ya Marekani ilimtia Johnson hatiani kwa sheria iliyotumiwa kumwandama kwa sababu ya uhusiano wake na wanawake wa kizungu, naye akaikimbia nchi. Basi pale palikuwa na bingwa wa karatasi aliyekaa nyumbani, na bingwa wa ulingoni aliyekuwa mkimbizi. Jess Willard, Mzungu, alipoutaka ubingwa hakwenda kwa mwenye cheo kile cha wazungu. Alikwenda Havana, nchini Kuba, kwa sababu huko ndiko Johnson alikokuwa. Alimpiga tarehe 5 Aprili 1915 katika raundi ya 26, na hakuna aliyebisha tena. Huo ubingwa wa wazungu nani anautaja leo?

Sasa nimfikie Muhammad Ali, ambaye ndiye hasa watu hubishana juu yake. Ali aliupata ubingwa kwa Sonny Liston tarehe 25 Februari 1964, Miami Beach. Mwaka huo huo WBA wakamvua kwa kukubali kurudiana na Liston, na mwaka 1965 mkanda wao akaushinda Ernie Terrell. Tarehe 6 Februari 1967 Ali alimpiga Terrell raundi zote 15 akauchukua tena. Hilo lilikuwa jambo dogo. Kubwa lilikuja tarehe 28 Aprili 1967 mjini Houston, Ali alipoitwa jina lake kujiunga na jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam, akakataa kupiga hatua mbele. Siku ile ile wakubwa wa ngumi wa New York wakamnyang'anya leseni, na WBA wakatangaza kumvua ubingwa. Mahakama ilikuwa haijasema neno. Alihukumiwa Juni mwaka huo, kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 10,000, akakata rufaa akiwa nje kwa dhamana. Hakupigana tangu Machi 1967 hadi Oktoba 1970, miaka mitatu na nusu ya nguvu zake bora. Tarehe 28 Juni 1971 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani ilifuta hukumu ile. Mahakama ilirudisha jina lake. Miaka ile haikurudi.

Wakati amefungiwa, WBA waliwaita mabondia wanane washindane wapate bingwa mpya. Joe Frazier alikataa kuingia. Aliyeshinda, mwaka 1968, ni Jimmy Ellis, mtu wa Louisville kama Ali na aliyekuwa mshirika wake wa mazoezi. Huko New York nako Frazier alimpiga Buster Mathis Machi 1968, akatangazwa bingwa wa upande ule. Tarehe 16 Februari 1970 Frazier alikutana na Ellis, na Ellis hakuweza kutoka kwa raundi ya tano. Vitabu vingi vinaandika kuwa hapo Frazier akawa bingwa wa dunia asiye na mpinzani.

Mimi sikubali. Mpinzani alikuwapo, tena yu hai, ila alifungiwa mlango. Frazier alikuwa hodari na mwungwana, na naamini yeye mwenyewe alilijua hilo, ndiyo maana hakuacha kumtaka Ali. Tarehe 8 Machi 1971, Madison Square Garden, walipigana raundi 15. Katika raundi ya mwisho Frazier alimwangusha Ali kwa ngumi ya kushoto, na waamuzi wote wakampa ushindi. Siku hiyo, si siku nyingine, Joe Frazier alikuwa bingwa wa kweli. Kumhesabia ubingwa kabla ya hapo ni kumpunguzia heshima, kwa maana ni kusema kwamba pigano kubwa kuliko yote maishani mwake halikumwongezea kitu.

Mpenda ubishi atanikamata hapa. Ataniambia: mwalimu, chagua moja. Kama Ali alikuwa bingwa mwaka 1969 kwa sababu hakupigwa, basi na Jeffries alikuwa bingwa mwaka 1909 kwa sababu hiyo hiyo, na wale wabaguzi walisema kweli. Jibu langu ni kuwa Jeffries aliondoka mwenyewe. Hakuna aliyemfungia, hakuna aliyemnyima leseni, na aliketi kama refa akiwaangalia wengine wakigombea kiti alichokiacha. Akirudi, arudi kama mgombea. Ali alinyang'anywa, na kosa lake halikuwa la ngumi. Ataongeza mbishi kwamba mwaka 1970 Ali alitamka kuwa ameachana na ngumi. Ni kweli alitamka. Lakini mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake akisema hataki tena kuingia, hayo si makubaliano ya kuuza nyumba. Mlango ulipofunguliwa tu, Atlanta, Oktoba 1970, alikuwa ndani.

Yaliyofuata yanajulikana, tena sehemu yake ilitokea katika bara letu. Frazier aliangushwa mara sita na George Foreman mjini Kingston, Jamaika, Januari 1973. Foreman akaangushwa na Ali mjini Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, raundi ya nane, alfajiri, mbele ya umati wa Wazaire. Miaka saba baada ya kuvuliwa mezani, Ali aliuchukua ubingwa kwa njia pekee inayokubalika.

Mwaka 1978 meza ikarudi kazini. Leon Spinks, kijana aliyekuwa na mapigano saba tu ya kulipwa, alimshinda Ali mwezi Februari. WBC walitaka apigane na Ken Norton. Spinks akachagua kurudiana na Ali. Wakamvua, wakampa Norton mkanda kwa ajili ya pigano aliloshinda mwaka uliotangulia, ambalo siku lilipopiganwa halikuwa la ubingwa. Norton alikuwa bondia mzuri sana, aliyewahi kumvunja Ali taya, lakini ni bingwa ambaye hakuwahi kushinda pigano lililotangazwa kuwa la ubingwa. Mwezi Juni Larry Holmes alimnyang'anya.

Kuhusu Holmes napingana na wengi. Wanasema hakuwa bingwa wa nasaba mpaka alipompiga Ali tarehe 2 Oktoba 1980. Lakini Ali alikuwa amestaafu kwa kinywa chake mwaka 1979. Alipofika Dar es Salaam Februari 1980, akitumwa na Rais Carter kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow, alikuwa bingwa mstaafu. (Tulikwenda Moscow, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali za fedha.) Kiti kilikuwa wazi kwa hiari ya mwenyewe. Holmes alikwisha mpiga Norton, na Mike Weaver, aliyeushika mkanda wa WBA mwaka 1980, alikuwa amepigwa na Holmes Juni 1979. Palibaki nani? Yule Ali wa Oktoba, mwenye miaka 38, aliyekaa kwenye kona baada ya raundi ya 10 mpaka Angelo Dundee akasema basi, hakuwa na ubingwa wa kumkabidhi mtu. Kama Johnson hakumhitaji Jeffries, Holmes hakumhitaji Ali.

Nasaba haisemi kwamba bingwa ni hodari kuliko wote wa siku hiyo. Mwaka 1987 Mike Tyson alikuwa amekusanya mikanda mitatu na kila mtu alimwogopa, lakini aliyempiga Holmes mwaka 1985 ni Michael Spinks, mdogo wake Leon, ambaye IBF walimvua kwa kuchagua pigano lingine. Tyson ilimbidi amfuate. Tarehe 27 Juni 1988 alimmaliza kwa sekunde 91. Ni sekunde chache, ila zilikuwa za lazima. Na mwaka 1994 Foreman, mwenye miaka 45, alimwangusha Michael Moorer. Mikanda yake ikachukuliwa mmoja mmoja mwaka uliofuata, naye akaendelea kuwa yule aliyempiga bingwa hadi alipopewa kushindwa na Shannon Briggs mwaka 1997, kwa uamuzi uliozomewa. Bingwa mzee, mzito, anayeuza majiko ya kuchomea nyama katika televisheni! Ndiyo, naye ni bingwa.

Lakini nasaba ina doa, nami sitalificha. Inaeleza nani alimpiga nani. Haielezi nani alinyimwa nafasi. Sullivan alikataa kupigana na Peter Jackson kwa sababu ya rangi. Jack Dempsey alikuwa bingwa tangu 1919 hadi 1926, akakaa miaka mitatu ya mwisho bila kuutetea ubingwa hata mara moja, na Harry Wills, mtu mweusi aliyestahili, alizeeka akingoja. Hata Johnson, aliyeteswa kwa ubaguzi, alipokwisha kukaa kitini hakuwapa nafasi weusi wenzake Sam Langford, Joe Jeannette na Sam McVea. Bingwa wa namna hii anao ubingwa, lakini ameufungia sandukuni. Hapo wakubwa wa vyama hudai ndiyo kazi yao, kumlazimisha bingwa apigane na anayestahili. Kazi hiyo ni njema. Waandike orodha zao, wamtoze bingwa mkaidi faini, wamtangaze kuwa mwoga. Kumtangaza mwingine kuwa bingwa wa dunia ni jambo jingine.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa waandishi na watangazaji wetu wa michezo. Mtu akishinda mkanda wa chama, andikeni kuwa ni mwenye mkanda wa chama hicho. Neno bingwa wa dunia liwekeni kwa ajili ya mmoja. Haitawagharimu kitu, na watoto wetu hawataambiwa mambo ambayo hesabu yao ya darasa la kwanza inayakataa.

Najua nitaulizwa kanuni hii inafanyaje kazi siku hizi. Lennox Lewis alistaafu mwenyewe mwaka 2004. Waliofuata kwa ubora mara nyingi walikuwa Vitali na Wladimir Klitschko wa Ukraine, ambao ni ndugu wa tumbo moja na hawakukubali kupigana, na nani angewalaumu? Tyson Fury wa Uingereza alimpiga Wladimir mjini Düsseldorf tarehe 28 Novemba 2015. Mwezi uliofuata IBF wakamvua, na mwaka 2016 yeye mwenyewe akaiachia mikanda iliyobaki kwa sababu ya ugonjwa. Aliporudi mwaka 2018 alijiita bingwa wa nasaba. Kwa huruma zote, mimi namhesabu miongoni mwa waliojivua. Wako wanaomhesabu vingine, lakini ubishi huo ulikwisha Riyadh tarehe 18 Mei 2024, Oleksandr Usyk wa Ukraine alipomshinda Fury kwa pointi na kuwa na mikanda yote minne.

Mwezi mmoja haukupita sana, mkanda wa IBF ukamtoka kwa ajili ya ratiba za chama, akakabidhiwa Daniel Dubois wa Uingereza. Dubois alikuwa amekwisha pigwa na Usyk mjini Wrocław, Poland, Agosti 2023. Tarehe 19 Julai 2025 walikutana tena Wembley, London. Dubois aliangushwa mara mbili katika raundi ya tano, mara ya pili hakuinuka kwa wakati, na mkanda ukarudi ulikotoka.

Wako,
Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kondoa.